Kumbukumbu ya Kuazima

Homa ya uti wa mgongo ilimwacha Mwasiti hai, lakini iliondoka na sikio lake la kushoto na kumbukumbu za miaka mitatu. Sikio halikurudi. Kumbukumbu zilirudishwa kama kawaida ya siku hizi: ndugu waliitwa kliniki, wakanakiliwa yale waliyoyaona, naye akapandikizwa nakala hizo.

Siku aliyomzaa mwanawe Twalibu, ndugu aliyekuwepo alikuwa mmoja tu: wifi yake Zamda, ambaye hakujaliwa mtoto.

Leo Zamda alikuja na maandazi, akamkuta Mwasiti uani anamwogesha mtoto kwenye beseni.

"Wifi, siku ile unaikumbuka vizuri?" aliuliza, akikaa upande wa sikio zima. "Mimi kule kliniki niliwapa yote, sikubakiza kitu."

"Naikumbuka, wifi yangu. Ahsante."

Na kweli aliikumbuka. Alimwona mwanamke kitandani, hoi, jasho linamtiririka, na mwanamke huyo alikuwa yeye mwenyewe. Katika kumbukumbu hiyo alimpokea mtoto kwa mikono yenye hina, mikono ya Zamda. Kisha moyo, nao wa Zamda, ukamwambia: mchukue, uondoke naye.

Hilo la moyoni hakuwahi kumwambia mtu.

Alimfunga Twalibu taulo. Zamda akanyoosha mikono ampokee, akitabasamu. Mwasiti akarudi nyuma, mtoto kifuani. Alijua wifi yake anataka nini. Yeye mwenyewe alikitaka hichohicho kila siku tangu apone: kumtorosha mtoto huyu, mama yake asimwone tena.