Vanishi Mbichi

Kwa siku tatu seremala alipiga magoti barazani, akikwangua rangi ya kijani kwenye sakafu ya mbao. Mkewe aliichukia rangi ile tangu walipohamia. "Nikitoka hospitali," alimwambia, "nataka nikanyage mbao, si kamasi." Wakacheka mpaka nesi akawanyamazisha.

Rangi ilikuwa tabaka nne, ngumu kama ukoko. Chini yake zikatokea mbao nyekundunyekundu, nzuri kuliko alivyotarajia. Asubuhi ile akapaka vanishi, akaziba ngazi kwa kiti ili mtu asipite.

Ndipo akamwona shemeji yake akiingia getini, yule aliyekuwa akimuuguza dada yake hospitalini. Alikuwa mwanamke msafi kupindukia. Kwa watu huvua viatu hata pasipo zulia.

"Shemeji, zungukia nyuma! Bado mbichi hapo!"

Hakusikia. Alikisogeza kiti, akaja moja kwa moja, soli za viatu vyake zikinata na kubanduka, zikinata na kubanduka, mpaka akasimama mbele yake.

Seremala aliinama, akachovya brashi, akaanza kuufuta unyayo wa kwanza.

"Acha, shemeji," akamwambia. "Acha kwanza."