Kiboko Atoka Mbio

Enzi ambazo hata wanyama walilipa kodi, Pimbi alikuwa mfanyakazi wa Kiboko, bosi mvivu kupindukia. Siku ya mwisho ya kuwasilisha kodi ilikaribia, lakini kila Pimbi alipoomba fomu yake ya mwajiri, inayoonyesha kodi aliyokatwa, Kiboko alipiga miayo.

“Kesho, kijana.”

Faini ingemwangukia Pimbi! Akakusanya hati zake za mshahara, akatimua mbio hadi ofisi ya kodi.

“Mzee, bosi hajanipa fomu.”

“Hati hizi zinatosha kuanzia,” alijibu Korongo, afisa wa kodi. “Fomu nitamdai Kiboko mimi mwenyewe.”

Alasiri hiyohiyo Kiboko alifika nyumbani kwa Pimbi akihema, fomu mkononi.

“Pokea upesi, Pimbi! Korongo yuko mlangoni kwangu!”

Pimbi akaipokea kwa mikono miwili, akaruka kwa furaha. Hakuna aliyewahi kumwona Kiboko akikimbia.