Meno Ndani ya Ngoma Kubwa

Kwa kutunza siri sina mpinzani. Waulizeni majirani zangu: siri zote wanazozijua wamezisikia kwangu. Basi na hii chukueni.

Jumapili asubuhi mpiga ngoma alikuta meno ndani ya ngoma yake kubwa. Meno ya bandia, safu nzima ya juu, yameingilia tundu la mbele na kujilalia kwenye mto anaouweka humo kupunguza mvumo. Moja lilikuwa la dhahabu.

"Ya yule babu," alisema dada yake, mpiga gitaa.

Jana yake alasiri bendi yao ya hevi metali ilipiga ukumbini, wote wamevaa kiharamia: makoti marefu, mikanda mipana, mafuvu vifuani. Ulipofika wimbo wa meli kuzama, babu mmoja wa mstari wa mbele, ndevu hadi kifuani, kitambaa cheusi jichoni, alikitikisa kichwa kama anataka kiruke. Kisha ghafla akaziba mdomo kwa kiganja, akatoka mbio.

"Atatafuna nini, maskini?" alisema mwimbaji, ambaye jukwaani ni Nahodha Katili na nyumbani hata akiona panya humwita yule dada aje amfukuze.

Wakayatia meno kwenye glasi ya maji, wakaiweka mezani mpaka mwenyewe apatikane.

Hodi ikabishwa. Mama mwenye nyumba! Miezi mitatu alikuwa akiwatishia kuwafukuza kwa makelele ya mazoezi, na tangu wapange hapo hawakuwahi kumwona akitabasamu. Siku hiyo alijitanda mtandio hadi puani, bahasha mkononi.

"Barua yenu. Ijumaa mhame," alisema kwa mkato, yeye ambaye kwa kawaida hotuba yake huanza salamu hazijaisha.

"Mama, na vyombo vyote hivi tupeleke wapi?"

"Baharini. Si maharamia ninyi?"

Dada akasogea dirishani. Mama mwenye nyumba akamgeukia mwili mzima, kama kabati linalohamishwa.

"Shingo imekuwaje tena, Mama?"

"Nimelalia mto vibaya. Jana nimeshinda kitandani, sikufika hata mlangoni."

"Pole. Tukuchemshie chai?"

"Chemsheni."

Wakakimbilia jikoni wote watatu. Anayefukuzwa hakosi adabu. Mmoja akawasha jiko, mmoja akasaka sukari, wa tatu akaosha kikombe pekee chenye mkono. Wakakubaliana kwa minong'ono: wapige magoti, waombe angalau wafike mwisho wa mwezi. Chumba kingine cha kuvumilia ngoma zao wangekipata wapi?

Waliporudi, mtandio ulikuwa umeshuka mabegani. Bahasha imefunguliwa, barua iko wazi mezani: karatasi tupu, haina hata nukta.

"Nimewasamehe, kaeni," alisema, ulimi sasa mwepesi. "Vijana wenyewe wazuri, mnasalimia, mnafagia ua. Ila ule wimbo wa meli kuzama msiukimbize mwishoni. Meli kubwa huzama polepole."

Magoti hayakupigwa tena. Nahodha Katili alimimina chai huku machozi yakimlengalenga.

Mpiga ngoma aliitazama glasi. Maji matupu.

"Mama, humu hukuona meno?"

"Meno gani?" akauliza mama mwenye nyumba, na kwa mara ya kwanza tangu wapange akatabasamu, jino la dhahabu likametameta.