Kidole cha Mdakaji

Mpira wa besiboli ulikwaruza gongo la mpigaji, ukamgonga Virgil, mdakaji aliyechuchumaa nyuma yake, kwenye mkono wa kulia, ule usio na glavu. Kidole cha shahada kikapinda upande.

Alikuwa na miaka arobaini. Vita na Ujerumani vilipowachukua wadakaji vijana, timu ya Toledo, mji wa Marekani, ilimtoa kwenye duka lake la rangi, ikamrudisha uwanjani. Hapakuwa na mdakaji mwingine.

Mrushaji wa timu yake, kijana, alimkimbilia. "Mzee, toka bwana! Kidole kimekwisha hicho."

"Nikitoka atadaka nani? Mama yako?"

"Basi nitarusha polepole."

"Huyu mpigaji ataupiga mpaka Ujerumani! Hebu rudi mahali pako."

Walikuwa mbele kwa pointi moja, na mpigaji wa mwisho wa wapinzani alibakiza nafasi moja tu; mpira mmoja zaidi ukimpita, mchezo umekwisha.

Virgil akachuchumaa. Mdakaji ndiye humwonyesha mrushaji kwa vidole arushe vipi, na ishara ya mpira wa kasi ilikuwa kidole kimoja, hicho hicho kilichopinda. Akakishusha katikati ya mapaja, kimevimba, ukucha ukivuja damu.

Mrushaji akatikisa kichwa kukataa.

Virgil hakukiondoa.

Kijana akavua kofia, akajifuta macho, akaivaa. Kisha akarusha kwa nguvu zake zote.

Glavu ikalia paa! Gongo lilikuwa bado begani mwa mpigaji.