Chafya ya Maiti

Mzee wa watu aliingia ukumbi wa sinema shingo upande. Filamu yenyewe ilikuwa kituko: kabati la nguo linakula watu, meno yake yamechongwa kwa sabuni, na maiti mmojawapo aliigizwa na marehemu mkewe enzi za usichana wake.

"Watamcheka bibi yako," alimnong'oneza mjukuu wake.

"Watamcheka, ndiyo. Hawa huja kila wiki, wanaijua filamu yote kwa moyo. Subiri tu, babu."

Kabati likacheua. Mkewe akadondoka chali, uso umepakwa unga, mguu mmoja hauna kiatu. Ukumbi uliokuwa ukipiga makelele ukatulia kama umemwagiwa maji.

Unga ukamwingia puani. Maiti akakunja pua, akajikaza, akashindwa, akapiga chafya iliyotimua vumbi jeupe mpaka mlangoni mwa kabati.

"Afya, mama," ukumbi mzima ukamwambia kwa adabu, kama watoto wa kuwazaa mwenyewe. Ndipo vicheko vikalipuka.

Babu aligeuka kuwatazama waliokaa nyuma yake. Miaka yote ya ndoa yake, kila mkewe alipopiga chafya, neno hilo lilikuwa lake yeye kulisema.

"Umekasirika, babu?"

Mzee alivua kofia, akaipakata. "Nenda kawaambie wanaoonyesha filamu warudishe nyuma kidogo. Mimi bado sijamwambia."