Kidole cha Mkwe

Uvumi ulimkuta Xavérine kwenye foleni ya maji, Nyamata, na ukakataa kumtoka. Eti vipimo vya Ukimwi vya siku hizi vinadanganya. Mtu anatobolewa kidole, anaambiwa mzima, anarudi nyumbani akiimba, kumbe virusi vimejilaza ndani vinamcheka. Alipalilia maharage na uvumi huo, akaenda nao misa, akalala nao.

Na binti yake Liliane, huko Kicukiro, alikuwa na mimba ya mwanaume ambaye nyumbani hakuna aliyewahi kumtia machoni.

Siku ya Liliane kwenda kuandikisha mimba, Xavérine alishuka kwenye basi bila kualikwa.

"Mama! Umefuata nini?"

"Nimekuja kumwona mkwe wangu akitoa damu."

"Silvère ana kazi nyingi, labda hata..."

"Kazi itamngoja. Mjukuu wangu hangoji."

Kituo cha afya kina utaratibu wake. Mke aje na mume, wapimwe wote wawili, Ukimwi na kaswende. Anayekuja peke yake anaambiwa akamlete mwenzake. Liliane akatoka nje na simu yake. Muda si mrefu pikipiki ikaingia uani.

Alishuka kijana mrefu, koti la kazi amelikunja na kulibana kwapani. Akamwinamia Xavérine kwa heshima zote.

"Mabukwe, mama mkwe wangu! Kumbe uzuri wa binti umetoka hapa!"

Xavérine alikuwa amekuja na uso wa kesi. Alicheka mpaka kitenge kikalegea.

Muuguzi, Umulisa, alichungulia mlangoni. "Silvère!"

Hakuna aliyesimama.

"Silvère!"

Liliane alimpiga kijana kiwiko, naye akaruka juu kama aliyeamshwa.

"Sindano hiyo," Xavérine aliwanong'oneza waliokaa kwenye benchi. "Wanaume na sindano!"

Akaingia nao chumbani, ingawa jina lake halikuitwa.

"Mukecuru, bibi yangu," Umulisa alisema, "mjamzito ni nani hapa, wewe au yeye?"

"Yeye ana mimba, mimi nina wasiwasi. Tupime."

Kwao mama mkwe na mkwe hukaa mbali mbali, hata kutazamana ni kwa adabu. Lakini siku hiyo Xavérine alikidaka kidole cha yule kijana kwa mikono yote miwili, asije mtu akakibadilisha, akatazama tone la damu mpaka lilipofika kwenye kipimo. Liliane alijifunika uso.

Wakasubiri. Xavérine alisali kimyakimya, jicho moja wazi.

"Mstari mmoja," Umulisa alisema. "Hana virusi. Kaswende pia hana. Na Liliane vilevile."

"Rudia kwa huyu."

"Mama!"

"Rudia, nimesema. Niko na maswali. Kama aliokota jana, kipimo kitaona?"

Kabla Umulisa hajafungua mdomo, kijana akajibu: "Hapana, mabukwe. Maambukizi mapya hayaonekani haraka. Ndiyo maana watu wanarudi tena baada ya miezi mitatu. Na ikitokea mistari miwili, wanapima kwa kipimo kingine kwanza, ndipo waseme. Tena kipimo kisisomwe muda wake ukishapita, kinaweza kuchora mstari wa uongo."

Xavérine alimgeukia. "Umesomea udaktari?"

"Hapana. Benchi za hapa zimenifundisha."

Mwanaume anayekuja kujipima kila mara! Xavérine nusura apige vigelegele. Umulisa, ili apate amani, akachukua kipimo cha aina nyingine na kutoboa kidole cha pili. Kijana hakukunja hata uso.

"Ukitaka, mabukwe, bado viko vinane."

Mstari mmoja tena.

Hapo vigelegele vikatoka vyenyewe. Xavérine alicheza kwenye korido, wajawazito wakampigia makofi, bibi mmoja asiyemjua akaingia kati kucheza naye. Umulisa alifunga mlango akicheka. Pale pale Xavérine akampigia simu jirani yake wa kule kwenye foleni ya maji.

"Vipimo vinadanganya? Midomo yenu ndiyo inadanganya! Mkwe wangu ni mzima mara mbili!"

Aliwapeleka kula mishikaki na ndizi za kuchoma. Kijana alikula haraka, jicho kwenye simu. Liliane hakugusa chakula, na mama yake akamhurumia, kwa kuwa mimba changa huondoa hamu.

"Mwanangu," Xavérine alimwambia kijana, mkono juu ya kichwa chake, "leo nitalala. Umewaponya watu watatu: mimi, huyu, na aliye tumboni."

Kijana aliinamisha macho. Kisha akawasindikiza stendi, akambebea Xavérine mfuko wake mpaka mlangoni mwa basi.

Akina mama wenye mabinti, epukeni haya:

Kupima leo kosa la jana na kuridhika, bila kurudi baada ya miezi mitatu.

Kusoma kipimo kilichosahauliwa mezani.

Kuangua kilio kwa mistari miwili, kabla ya kipimo cha kuthibitisha.

Kuvilaumu vipimo. Vile vilisema kweli, vyote viwili.

Na kukaa kwenye basi, dirisha wazi, moyo mweupe, ukamsikia mkwe wako huko chini akipokea simu: "Niko huru sasa, madamu, nakuja. Leo mume wako anaitwa nani?"