Dawa ya Nyumba Nyingine

Zama hizo kila nyumba ilikuwa na dawa yake. Wataalamu walichukua makohozi ya familia, wakamchunguza mdudu wao wa kifua kikuu, kisha wakabuni dawa ya kuziba kimeng'enya kinachompa uhai mdudu huyo peke yake. Haikuudhuru mwili, wala haikumfaa jirani.

Tunu aliimeza akapona. Mumewe, Hemedi, naye akapona. Binti yao Riziki alizidi kukonda, mbavu zikaonekana.

"Mama Riziki," daktari alimwambia kwa upole, "mdudu wa mtoto si wa kwenu. Kuna nyumba anakoshinda na kula. Tukianza kubuni dawa upya, tutamkosa mtoto. Itafuteni nyumba hiyo, dawa yake ipo tayari."

Tunu alirudi, akampakulia mtoto uji, akamweleza mumewe yote. Hemedi aliinamisha kichwa.

"Baba Riziki, tuanzie wapi?"

Aliyejibu ni mtoto, kwa sauti iliyokauka. "Kwa mama mdogo."

Tunu hakuwa na ndugu wa kike. Alimtazama mumewe, akangoja akanushe. Hemedi alichukua kofia yake akatoka.

Tunu alidhani atangoja hadi jioni. Hemedi alirudi uji haujapoa, kichupa mkononi, bila hata jasho usoni.

Tunu alimnywesha mtoto mwenyewe, tone kwa tone. Kisha akasimama dirishani, akawa anatazama milango ya majirani, mmoja baada ya mwingine.